Kiungo cha Nanga ya Mhunzi Shuraihi

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika bandari moja ya Bahari ya Shamu aliishi mhunzi mcha Mungu, Shuraihi bin Lahiqi, Allah amrehemu. Kazi yake ilikuwa kufua nanga.

Asubuhi moja alimfuata nahodha Dhuaibu, aliyekuwa akipakia mahujaji arobaini.

"Nirudishie nanga uliyoichukua kwangu," akasema. "Nipe siku tatu nikufulie nyingine."

Dhuaibu akamtazama. "Nani amekuahidi bei kubwa zaidi?"

"Hakuna."

"Basi kuna nahodha anataka nichelewe ili awachukue abiria wangu."

"Wallahi, hapana."

"Kiapo nacho kimekuja mapema, sheikh."

Mabaharia wakacheka. Shuraihi akaomba nanga ipigwe nyundo kwenye kiungo, pale mkono wake unaposhikana na mti wa katikati.

"Ukipiga wewe, hata iliyo nzima itavunjika," akasema Dhuaibu. "Fundi anajua pa kupiga."

"Piga wewe."

"Ili iwe nimeivunja mwenyewe?"

Shuraihi akageuka. Mahujaji walikuwa wakisikiliza, na wengi wao walimjua msikitini.

"Ijumaa nilikuwa nikiunga mkono huo," akasema hatimaye. "Adhana ikasikika. Muda wa kumaliza ulikuwepo, lakini nilitaka mnione safu ya mbele kama mlivyozoea. Niliporudi chuma kilikuwa kimepoa. Sikuanza upya. Nilikipasha kidogo, nikakigongagonga, nikakipaka mafuta mpaka alama ikapotea. Tangu hapo kila nikisujudu naiona nanga hii."

Hakuna aliyecheka. Dhuaibu akachukua nyundo. Pigo la pili, mkono ukaanguka. Ndani palikuwa peusi. Chuma kilishikana ukingoni tu.

Nahodha akaokota kile kipande, lakini shaka haikumtoka.

"Na nanga za wenzangu?"

"Nadhani ni nzima," akajibu Shuraihi. "Ila usichukue neno langu. Nipe hiyo nyundo."

Akaipokea, akaenda chombo cha pili. "Ndugu yangu," akamwambia nahodha wake, "hebu itoe nanga niliyokufulia."

Ndugu zangu, tumezoea kusema imani ni nanga ya moyo. Ni kweli, ila nanga ya Shuraihi nayo ilikuwa laini kwa nje. Alichagua kuaibika nchi kavu ili watu arobaini wasizame kwa ajili ya jina lake. Tumwombe Mola atupe ujasiri wa kuipiga nyundo nanga yetu wenyewe, kabla ya siku ya dhoruba.