Kwa Nini Kila Kabila Lina Ema Wake

Ulikuwepo wakati ambapo jina la mtu halikuweza kutamkwa kwa pumzi moja. Mtu alibeba jina lake, na la baba yake, na la babu yake, na kuendelea nyuma mpaka lifike kwa yule wa kwanza aliyewasha moto katika nchi hiyo. Ukitaka kumwita jirani akusaidie kumshika mbuzi, mbuzi alikuwa keshavuka bonde nawe bado hujamaliza mababu. Lakini hakuna aliyelalamika. Jina refu lilikuwa heshima, na wenye majina marefu ndio waliopewa nafasi ya mbele kwenye kila shughuli.

Mto mmoja mkubwa ulipita katika nchi hiyo, na makabila matatu yaliishi kwa maji yake. Juu milimani walikaa Waharo, wakulima wa ulezi na maharage. Katikati, mbugani, walikaa Walosika na ng'ombe wao. Chini kabisa, mto ulipoingia ziwani, walikaa Wamwele, watu wa nyavu na samaki. Kila kabila lilikuwa na lugha yake, na ndimi zao zilikuwa ngeni kwelikweli. Mharo hakuweza kutamka L hata umpige. Mlosika akikutana na V alitema mate. Mmwele naye R ilimshinda tangu utotoni mpaka uzeeni. Walikutana gulioni tu, wakabadilishana ulezi, maziwa na samaki kwa kuoneshana vidole, kisha kila mmoja akarudi kwao.

Ni katika gulio hilo ndipo Nyakiru, mjane wa Kiharo aliyefinyanga vyungu, alipomkuta mtoto mchanga wa kike. Watu walikuwa wamekwisha kutawanyika. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye kikapu kitupu kati ya majani ya kufungia samaki na vibuyu vya maziwa, na hakuna aliyejua ni kabila gani lililomwacha. Nyakiru hakuwa na mtoto. Alimfunga mgongoni akapanda naye mlima.

Wazee wa Waharo walimwita kumhoji. Mkuu wao aliitwa Kirumbe wa Ngasoro wa Mbadi wa Kisenye, na hapo nimefupisha. Kirumbe akauliza, "Huyu ni wa nani, na nani, na nani?"

"Ni wangu," akajibu Nyakiru.

"Jina lake?"

"Ema."

"Ema wa nani?"

"Ema basi. Akilia anasema hivyo hivyo, 'e-ma, e-ma.' Amejiita mwenyewe, mimi nimeitikia tu."

Wazee walicheka mpaka machozi yakawatoka. Jina hilo, walisema, lilikuwa la kuitia kuku. Na Ema alikua na kicheko hicho nyuma yake. Wenzake walipopanga mstari kutaja mababu kabla ya kucheza ngoma, yeye alitaja silabi mbili, akanyamaza, na kimya kile kilimwuma kuliko fimbo. Mara nyingi alimwomba mama yake amtungie jina refu, hata la uongo. Nyakiru aliendelea kukanda udongo wake, akamwambia, "Mwanangu, mimi siwezi kukupa watu nisiowajua. Nimekupa nilicho nacho."

Alipokuwa mwanamke mzima, Ema alikuwa mrefu, mwenye shingo ngumu kwa kubeba vyungu. Alivibeba kutoka milimani mpaka mbugani, na kutoka mbugani mpaka ziwani, akalala kwa watu, akala vyakula vyao, akajifunza kusema nao. Hakuna mwingine aliyezijua lugha zote tatu. Waharo waliona ni umbea tu wa mtu asiye na kwao.

Basi mwaka mmoja mvua ilinyesha milimani mpaka ardhi ikalegea. Alfajiri moja ubavu wa mlima uliporomoka kwa kishindo, ukaanguka ndani ya korongo jembamba ambamo mto ulipita. Mvule mkubwa kuliko miti yote ulikuja na udongo huo, shina zima, ukakwama kwa kukingama kwenye koo la korongo. Mawe, matope na miti midogo vikajilundika nyuma yake. Mto ukazibwa.

Siku chache tu zilitosha kuonesha maafa yake. Juu, maji yaligeuka ziwa, yakameza mashamba ya Waharo na kuanza kulamba kuta za nyumba. Huko mbugani mto ulikauka, ng'ombe wa Walosika wakasimama kwenye mchanga wakilia. Ziwani, maji yalirudi nyuma na mitumbwi ya Wamwele ikabaki juu ya matope. Na juu ya milima mawingu meusi yalikuwa yakijikusanya tena. Kila mwenye macho aliona kwamba mvua hiyo ikinyesha kabla mto haujafunguliwa, ukuta ule ungepasuka wote kwa mpigo mmoja, na maji yangefagia mbuga na ziwa pamoja na kila kilichomo.

Makabila yote matatu yakakusanyika korongoni. Walosika walikuja na kamba za ngozi, Wamwele na kamba zao nene za kuvutia nyavu, Waharo na kamba za magome. Wazee wasiojiweza, watoto, wanawake walionyonyesha na mifugo walipelekwa vilimani, mbali na njia ya maji. Vijana wenye kucha ngumu walitambaa juu ya lundo wakafunga kamba zote kwenye ncha ya mvule ule. Mpango ulikuwa mwepesi: wavute wakiwa juu ya ukingo mpana wa mwamba, ncha ya shina ichomoke, maji yapate mlango na kutoka kidogo kidogo.

Lakini kuvuta kwa pamoja kuliwashinda. Waharo hawakuwahi kuinua hata jiwe la kusagia bila kumwita babu yao wa kwanza, na jina la babu huyo lilikuwa refu kama njia ya kwenda ziwani. Walosika walivuta kwa kupiga mluzi. Wamwele walivuta kwa wimbo wa nyavu, wenye kupanda na kushuka taratibu. Hawa walipovuta, wale walikuwa wakivuta pumzi. Wale walipovuta, hawa walikuwa bado wako kwa babu wa sita. Mvule haukutikisika. Kamba moja ya magome ilikatika, ikamchapa Mlosika mmoja mguuni, mfupa ukavunjika.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Na kwa kuwa hawakuelewana hata matusi, wote walimhitaji Ema. Alikuwa kila mahali siku ile, akipanda na kushuka ukingo, jasho likimtiririka.

"Ema! Waambie hawa wachunga ng'ombe waache miluzi, mababu hawaitwi kama mbwa!" akafoka Kirumbe.

"Ema! Waambie wakulima hawa kamba zao ni za kufungia kuku!" akajibu Letoya, kiongozi wa Walosika, aliyekuwa ameshika kichwa cha ndugu yake aliyevunjika mguu.

"Ema! Waambie wote wawili tunaondoka," akasema Wasaga, mama wa makamo aliyewaongoza Wamwele. "Mitumbwi yetu iko kwenye matope."

Ema alitafsiri, akilainisha maneno kila alipoweza. Koo lilimkauka. Ngurumo ya kwanza ikasikika milimani, na hofu ikawapanda watu wote kwa wakati mmoja. Walikuwa bado wameshika kamba. Waharo, Walosika na Wamwele, mamia kwa mamia, waligeuza nyuso zao kwake, kila mmoja akitaka kujua wengine wanasema nini, wakapaza sauti kwa pamoja:

"Ema!"

Pumzi iliwatoka pamoja, na miili ikaegemea nyuma pamoja. Kamba zote zikakazika. Ndani ya korongo mvule ukalia, ukasogea upana wa kiganja, na maji yakachomoza kwa nguvu ubavuni mwake.

Watu walishtuka wakalegeza mikono. Mvule ukakwama tena. Kila mtu alimtazama mwenzake, wakidhani labda ni ardhi iliyotetemeka. Ema peke yake ndiye aliyejua alichokisikia. Maisha yake yote alikuwa ameliona jina lake kuwa upungufu, kitu kilichokatika kabla ya kuisha, na sasa alikuwa amelisikia likitoka katika vinywa vyote, bila L, bila V, bila R, bila kumkwaza yeyote. Alikimbia kwa Kirumbe.

"Baba, niiteni tena."

"Tukuite? Si uko hapa mbele yangu?"

"Niiteni wote, na mkiniita, vuteni. 'E' ya kukaza kamba, 'ma' ya kuvuta."

Kirumbe alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Waharo wavute kwa jina lisilo na babu? Wa kwanza wetu atasemaje huko aliko?"

Kabla ya hapo Ema hakuwahi kumbishia mkuu. Lakini wakati huo maji yalikuwa yakiingia kwenye nyumba ya mama yake. "Baba, babu yenu mnamfahamu nyinyi. Hawa hawamjui, na ulimi wao haumwezi. Mimi ndiye neno pekee tunalolijua sote. Mkinikataa kwa kuwa sina watu nyuma yangu, basi tazama mbele yangu. Watu ndio hawa."

Nyakiru, aliyekuwa ameshika kamba kati ya vijana ingawa mgongo wake ulikuwa umeinama, alisema kwa sauti kavu, "Kirumbe, mvua inakuja. Vuta, mababu tutaongea nao kesho."

Mkuu alitazama mawingu. Alitazama mashamba yake yaliyokuwa chini ya maji. Kisha akavua joho lake la ngozi, akalitupa kando, akashika kamba nyuma ya Mlosika ambaye asubuhi walikuwa karibu kupigana naye. "Panda juu tukuone," akasema.

Ema alipanda kwenye jiwe refu ukingoni. Aliwaeleza Walosika kwa Kilosika, Wamwele kwa Kimwele. Akainua mkono wake. Umati wote ukanyamaza, hata watoto vilimani walinyamaza. Akashusha mkono.

"Eeee-MA!"

Mvule ukalia.

"Eeee-MA!"

Korongo liliipokea sauti ile na kuirudisha, ikawa kana kwamba na milima nayo imeshika kamba. Visigino vilichimba mwamba. Viganja vilichubuka. Letoya alikuwa akilia bila kujua analia. Wasaga, aliyesema anaondoka, alikuwa mbele kabisa, vazi lake la majani limemfunguka asijali. Na kila walipoita, Ema alihisi jina likimpanda kutoka nyayoni mpaka kifuani, si jina la mtu mmoja tena, akajikuta anapiga kelele pamoja nao, akijiita mwenyewe kwa nguvu zake zote.

"Eeee-MA!"

Ncha ya mvule ikachomoka. Watu walianguka chali wote kwa pamoja, kabila juu ya kabila. Maji yalipita mlangoni kwa ngurumo iliyoizidi ile ya mawinguni, yakiwa mekundu kwa udongo, yakabomoa lundo taratibu, upande mmoja baada ya mwingine, kama walivyotaka. Mvua ilipoanza kunyesha, mto ulikuwa wazi. Walosika walikimbia ukingoni kuyafuata maji, wakipiga vifijo, wakishindana nayo mpaka mbugani. Waharo walikumbatiana na watu wasiojua hata kuwasalimia. Kila aliyetaka kumwambia mwenzake "asante", "tumeshinda", "angalia", au "uko mzima?" alikuwa na neno moja tu la kulisema, na walilisema mpaka sauti zikawakauka.

Kirumbe alimwendea Ema mbele ya watu wote. Alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. "Binti yangu," akasema, "leo chukua jina langu. Uwe Ema wa Kirumbe wa Ngasoro wa Mbadi wa Kisenye. Mababu zangu wote nakupa."

Ema alipiga magoti kwa heshima, kisha akasimama. "Nimeshukuru, baba. Lakini likirefuka, wale wengine hawataliweza."

Mkuu akacheka, na safari hii kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo.

Watu walipotawanyika, kila kabila liliondoka na jina hilo. Waharo waliliita korongo lenyewe Ema. Walosika waliwapa watoto wa kiume waliozaliwa mwaka ule, wakaliita Ema na bonde ambako nyasi ziliota kwanza. Wamwele waliwaita hivyo mabinti zao na kisiwa kidogo kinachoonekana kutoka ufukweni. Baadaye wafanyabiashara walilisikia, wakalibeba kuvuka jangwa na bahari, na huko nako watu wakalipenda kwa sababu halikuwachosha. Wote waliolipokea walilipa maana yao. Hawa wanasema ni "shika", wale wanasema ni "maji", wengine wanaapa ni "njoo". Hakuna aliyekosea.

Na tangu siku hiyo, nendeni mnakokwenda, mtamkuta Ema. Mtakuta mzee Ema mwenye ndevu na kichanga Ema asiye na jino. Mtakuta mlima Ema, kijito Ema, na kijiji Ema ambacho watu wake hawajawahi kusikia habari za mto wetu. Wenyeji watawaambia jina hilo ni lao tangu enzi, na msibishane nao, kwa kuwa ni lao kweli. Na Ema wawili kutoka nchi mbalimbali wakikutana njiani, kila mmoja akataja jina lake, hawaulizani ukoo. Wanacheka, wanashikana mikono, na mwenye mzigo mzito anapokewa upande mmoja.