Kwa Nini Ndiva ya Mrwanga Haipigiwi Pembe

Zamani, kabla ukuta wake haujapanuliwa na kabla hazijapandwa nyasi hizi mnazotandikia mikeka siku za sikukuu, ndiva ya Mrwanga ilikuwa bwawa dogo la udongo, lililochimbwa kukinga maji ya mlimani yasipotee bure. Ilipojaa, pembe ya tandala ililia, na Wapare wa mabonde yote mawili wakashuka na majembe, kila ukoo ukayaelekeza maji shambani kwake kwa zamu. Aliyekosa zamu alikosa mahindi.

Mpiga pembe alikuwa Sempombe, mzee aliyefiwa na mkewe, mwenye mwana mmoja tu, Kajiru. Hakuwahi kuipiga pembe ile bure.

Ndipo vita vya Wajerumani na Waingereza vikapanda milimani. Majeshi hayakuwa na wanyama wa kutosha wa kubeba mizigo, kwa hiyo yalikamata watu. Wanaume wakakimbilia msitu wa juu, wake zao wakawapelekea chakula kwa siri. Mvua nazo zilikatika mwaka huo, mahindi yakaanza kujikunja majani.

Asubuhi moja askari wakaingia kijijini, wakakuta wazee, wanawake na watoto. Mkubwa wao aliiona pembe ukutani kwa Sempombe, na mkalimani akamweleza kazi yake. Mkubwa akaagiza aletwe Nanzia, mke wa Kajiru, aliyekuwa na mimba kubwa.

"Ipige," akamwambia Sempombe. "La sivyo, huyu atabeba sanduku la risasi."

Nanzia alitikisa kichwa. "Usipige, baba. Nitabeba."

"Hutafika hata mtoni," mzee akasema. Akaipiga.

Wanaume waliteremka mbio wakidhani ndiva imejaa na askari hawapo. Kajiru alitangulia, jembe begani.

"Baba, leo ni zamu yetu?"

Sempombe aliishusha pembe. Askari wakatokea migombani, wakawafunga kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwenzake, wakawaswaga kusini. Waliorudi baada ya vita walikuwa wachache mno. Hao ndio walioleta habari kwamba Kajiru alikufa kwa kuhara damu, akafukiwa kando ya njia, juujuu tu, kwa kuwa msafara haukusimama.

Nanzia alijifungua binti. Hakuacha kumpikia mkwewe, ila hakumwita baba tena.

Sempombe aliizamisha pembe ndivani. Lakini mashamba yalihitaji maji, na ndiva ilipojaa tena, hakuna aliyethubutu kushuka. Mtu akiita bondeni, watu walijificha. Basi mzee akaenda nyumba kwa nyumba kwa miguu. Alisimama mbali na kila mlango, akafumbua viganja vyake, akasema polepole, "Maji yapo. Niko peke yangu."

Wengine walimfungia mlango. Kwa Nanzia alifika mwisho, maana ndiko alikokuogopa zaidi. Nanzia alichungulia nyuma ya mzee kwa muda mrefu, njia nzima mpaka kwenye kona. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akachukua jembe. Walishuka pamoja, na hivyo ndivyo walivyoshuka kila msimu mpaka mzee alipokufa.

Na tangu siku hiyo, ndiva ya Mrwanga haiwaiti watu. Leo ina mitumbwi ya kukodi na vibanda vya nyama choma, lakini magari ya harusi huacha kupiga honi yakifika getini. Na jioni, saa ya kufunga, mlinzi hapigi kengele wala filimbi. Huzunguka ukingo wote kwa miguu, hata mvua ikinyesha, akimfikia kila anayevua samaki na kila familia iliyoketi, akionyesha viganja vyake.

"Muda umekwisha," husema. "Niko peke yangu."

Wageni hucheka kidogo. Wenyeji hutazama kwanza nyuma yake, ndipo wainuke.