Neva Alipowalisha Majirani

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe Mwinyimkuu, acha kuchokoachokoa makaa, maana ngano ya leo ni ya vidole.

Kale na kale, ndani ya mkono wa kitoto aitwaye Mwanakheri, aliishi mjumbe, mshipa wa fahamu, jina lake Neva. Kazi yake kupokea habari kidoleni na kuzikimbiza hadi uti wa mgongo. Lakini Neva alikuwa mwembamba, tena uchi, na habari zilimvuja njiani. Mwiba ukimchoma mtoto, kilio huja mwiba umeshazama.

Kando yake walilala majirani wadogo, dhaifu, chembe za mwili waitwao Glia.

Basi Mwanakheri akaanza kutambaa. Kila asubuhi akalifuata jiko la mama yake. Mama alimvuta, alimvuta, alimvuta, lakini mama hana macho kisogoni.

Neva akalia, "Majirani, nivisheni!" Wakajigeuza upande wa pili.

"Nivisheni, mtoto ataungua!" Wakakoroma.

"Nivisheni, jamani!"

Glia mmoja akafumbua jicho. "Mjumbe, mkono mtupu haulambwi. Kwetu anayetaka kuvishwa humlisha fundi kwanza. Tutakuaje, nawe utomvu wako, chakula chetu, umeukumbatia?"

"Nilidhani ni akiba yangu."

"Akiba ya nini? Ya kuungulia?"

Neva akaona haya. Akadondosha utomvu, akaimba, "Kuleni, ndugu, mkue!" Glia wakanyoosha migongo. "Kuleni, ndugu, mkue!" Wakagawanyika, mmoja akawa wawili, wawili wakawa umati. "Kuleni, ndugu, mkue!" Wakamzungushia shuka la mafuta, tabaka juu ya tabaka, kama mtoto afungwavyo leso.

Asubuhi moja mama akageuka kuchota maji. Kidole kikagusa jiko. Habari ikaruka, fyuu! Mkono ukarudi kabla ngozi haijababuka.

Mama akamnyakua mwanawe, akakibusu kidole. "Alhamdulillahi! Nani amekuokoa, mwanangu?"

Neva akalipokea busu lile. Angeweza kulifikisha mara moja, lakini safari hii alikwenda polepole, akimgusisha kila Glia. "Ahsante, ndugu yangu. Hili ni lako. Na hili lako. Na hili lako."

Mimi nami, nikishika kikombe cha moto nikakiachia upesi, huwashukuru wavishaji wangu nisiowaona.

Ngano yangu imekomea hapa. Shikeni vidole vyenu, muwaambie wavishaji wenu ahsante, mkalale.