Mbwa Mwenye Masikio Mawili

Wapendwa, wekeni Biblia zenu magotini kidogo, mnisikilize.

Kijana mmoja, fundi mwashi, alitoka kwao milimani akashuka mjini kutafuta kazi. Nyuma alimwacha mama yake mjane, nyumba ya tofali za kuchoma iliyojengwa na marehemu baba yake, na mbwa mmoja mwekundu ambaye jina lake lilikuwa Watasema.

Baada ya kukaa mjini kwa muda, alimtumia mama yake picha. Amesimama mbele ya jengo refu la vioo, kofia ngumu kichwani, anatabasamu. Mama hakuwa na simu ya kupokea picha, alikuwa na kitochi cha kupigia tu. Basi ile picha ilipitia kwenye simu ya mpiga picha wa pale senta, naye akamtolea kwenye karatasi.

Masika yalipokwisha, kijana akamwomba mama naye amtumie picha ya nyumbani. "Nimepakumbuka," alisema. Haukupita muda ikaingia. Nyumba imesimama vizuri, kuta zimenyooka, na mlangoni amekaa Watasema, amenona, masikio yote mawili wima.

Kijana akafurahi, akaweka simu mfukoni. Kisha akaitoa tena. Masikio mawili?

Watasema alikuwa na sikio moja. La kushoto liling'olewa na nyegere siku walipokwenda wote porini, na ni kijana mwenyewe aliyemfunga kitambaa damu ikakata. Sasa sikio la mbwa huota tena kama nywele? Au huyu ni mbwa mwingine? Lakini lile baka jeupe la kifuani ni lake, halina ubishi.

Akaikuza picha kwa vidole, akaanza kuitazama pole pole. Alipotoka kwa mbwa akapanda ukutani. Kando ya dirisha aliona tofali lenye pembe iliyomeguka. Akasogea mbele kidogo, akaliona tofali lilelile, limemeguka palepale. Akashuka chini, lilelile tena. Mkono wa fundi haujengi hivyo. Sehemu ile ya ukuta ilikuwa imeshonewa kiraka, kiraka cha picha.

Akapiga simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo huko?"

"Sijambo. Picha nimeiona. Watasema hajambo?"

"Hajambo kabisa. Yuko hapa miguuni kwangu."

"Na sikio lake je?"

Kijana alisikia kuku wakiparura karibu na simu.

"Mbwa ni mbwa tu, mwanangu," mama akasema mwishowe. "Wewe umekula?"

"Nimekula, Mama."

Ndugu zangu, kama ni wewe ungelala usingizi? Kijana hakulala. Kesho yake akaomba nafasi kwenye lori lililokuwa likirudi milimani kufuata mbao, akapanda nyuma, na begi lake la vyombo vya kazi likiwa mapajani. Njia nzima anajiuliza: mama anaficha nini nyuma ya sikio la mbwa?

Aliposhuka, wa kwanza kumpokea alikuwa Watasema, anakimbia huku mkia unapiga mbavu. Mbavu zenyewe zinahesabika. Na sikio ni moja, kama alivyomwacha. Kijana akapita mbele ya nyumba, akazunguka ubavuni, akasimama. Ukuta mzima wa upande wa chumba cha mama, uleule wa kiraka cha picha, ulikuwa umelala chini. Mvua ililainisha udongo ulioshika tofali, ukuta ukashuka. Palipokuwa na kitanda paliota majani, na pengo lote limezibwa kwa turubai. Mama alikuwa amehamia jikoni, analala kando ya mafiga.

Walipomaliza kusalimiana, kijana hakuweza kujizuia.

"Mama, kwa nini ulinificha?"

Mama akafuta kigoda kwa kanga. "Kaa kwanza," akasema. "Ni kweli, nilimwambia yule mpiga picha aufunike ukuta. Anajua kuediti. Lakini la sikio na la unono sikumtuma, maana mbwa amegoma kula tangu uondoke. Aliona kasoro, akazitengeneza kwa hisani yake."

"Sikuulizi habari za mpiga picha. Kwa nini hukuniambia mimi mwanao?"

Mama akainua mkono, akachomoa karatasi iliyokuwa imechomekwa kwenye boriti ya jiko. Ilikuwa ile picha ya kijana na jengo la vioo.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe nakujua, nilikuzaa. Hapa umesimama wapi?"

Kijana akatazama chini.

"Yule mpiga picha alinionyesha," mama akasema. "Jua limekupiga wewe kulia, jengo limepigwa kushoto. Akaniambia, mama, mwanao hakusimama hapa. Nikajua huko mambo ni magumu. Sasa mtu aliyezidiwa, nimwongezee na ukuta?"

Wapendwa, hapa kuna jambo nililowabania. Kijana huyu hakuwa na kazi. Alikuwa akilala sakafuni kwa mwenzake, akishinda vijiweni na mwiko wake ndani ya begi, na siku aliyomjibu mama kwamba amekula alikuwa hajatia kitu mdomoni. Na kule kwa mama? Mahindi yamejaa darini, ndizi zinaivia mgombani hadi ndege wanazikinai, hakuna wa kuzila.

Mnaona? Huku fundi mwashi anatafuta ukuta wa kujenga, kule ukuta unatafuta fundi. Huku njaa, kule chakula kinaoza. Kati yao hapakuwa na chuki wala uchoyo. Walipendana. Kilichowatenganisha ni picha mbili nzuri.

Jioni ile kijana alikula akashiba, na mbwa naye akashiba. Asubuhi akavua shati, akaanza kuchambua tofali zilizo nzima.

Sasa tuje kwetu sisi. Mimi mchungaji wenu nasimama mlangoni kila Jumapili nawashika mikono. Nauliza, habari za nyumbani? Mnajibu, nzuri sana mchungaji, Bwana ni mwema. Nanyi mkiniuliza, najibu vivyo hivyo. Tunapeana picha, kisha kila mtu anakwenda kulala kando ya mafiga yake. Tumeagizwa tubebeane mizigo. Mzigo uliofunikwa, nani ataubeba? Na wewe uliyeona kwa mwenzako sikio lisilo lake, mbona uliweka simu mfukoni hukuitoa tena?

Huenda mtu uliyekaa naye benchi moja asubuhi hii ndiye ana mahindi yako. Huenda wewe ndiye fundi wake. Kwa hiyo tukitoka hapa, mtu akikushika mkono akakuuliza habari za nyumbani, usiharakishe kumjibu. Naye akikujibu haraka, usiuachie mkono wake. Muulize tena.