Lango la Vuruma

Kabla hujafunga lango, tazama ng'ombe wako yuko upande gani.

Ndivyo mlivyomsikia mzee Mndeme akiwaambia wenzake kwenye mkutano wa wanahisa, wakati wanagombana wajitoe kwenye umoja wa masoko au wabaki. Mkarudi mnaniuliza, bibi, ng'ombe kaingiaje kwenye mambo ya hisa? Haya, kaeni. Mwenye maharage aendelee kuchambua, maana masikio hayachambui kitu. Methali hii chanzo chake ni lango la kweli na ng'ombe wa kweli, na mambo yalikwenda hivi.

Zamani, watu wa Vuruma waliishi mlimani. Walilima ndizi na tangawizi. Chini yao, tambarare, waliishi wafugaji wenye samli, ngozi na magadi. Pande hizo mbili pamoja na vijiji vya jirani zilikuwa na umoja wao wa masoko. Masharti hayakuwa mengi: hakuna kutozana ushuru, na kila mvua zikiisha wote watoe watu wa kutengeneza njia ya kupandia mlima.

Sasa, mlimani hapana malisho. Shamba likiachia nyasi, mgomba unazimeza. Kwa hiyo mtu wa Vuruma akijibana, akala ndizi bila chumvi misimu kadhaa, hununua mtamba mmoja na kumpeleka tambarare kwa rafiki. Rafiki anamlisha na kunywa maziwa. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, wa pili ni wa mtunzaji. Siku hizi mngewaita watu hao wawekezaji wadogo. Zamani hawakuwa na jina, kwa sababu hawakutaka kujulikana. Ukijulikana una ng'ombe, ndugu wataota mizizi mlangoni kwako, na wakwe watapandisha mahari. Basi kila mtu alikwenda tambarare kumtazama ng'ombe wake akisema anakwenda kununua magadi. Watu walivaa viraka huku mali inacheua chini ya mlima.

Mmoja wao alikuwa Namsemba, mjane. Alikuwa amelima tangawizi mpaka kucha zikageuka rangi, akapata ng'ombe mmoja, Madoa, akamkabidhi rafiki yake wa tambarare, Naipanoi. Hakumwambia mtu ila mwanawe, Kangusu. Madoa alikuwa na mimba, na yeye na ndama wake ndio walikuwa mahari ya Kangusu. Wakwe walishasema: mahindi yakivunwa waje, wasipokuja binti ana mchumba mwingine anayekohoa uani.

Aliyemfanya Namsemba afiche zaidi ni shemeji yake, Mbazi. Huyu kila msimu alikuja kuuliza swali lile lile.

"Shemeji, hivi marehemu kaka hakuacha hata mkia?"

"Aliniacha mimi, shemeji. Unataka mkia gani tena?"

Mbazi hucheka, lakini macho yake huzunguka nyumba nzima.

Mwaka huo, wakati wa kutengeneza njia, watu wa tambarare walileta vijana wachache. Ukame uliwabana, vijana wengi walikuwa mbali na mifugo. Kwenye kilabu cha pombe ya miwa maneno yakaanza. Mwenye sauti kubwa alikuwa Senkoro, mtu ambaye akisalimia, nyuki hutoka mzingani.

"Sisi ndio tunaowalisha!" akasema. "Wanakuja na ngozi zinanuka, wanaondoka na ndizi. Kazi ya njia tumewafanyia sisi. Umoja gani huo wa mgongo mmoja?"

"Na samli inayong'aa kwenye ndevu zako imetoka mgomba gani?" akauliza mzee mmoja.

"Nyamaza, wewe mkweo anatoka huko!"

"Mkwe wangu ana jina, Senkoro. Wewe una mdomo tu."

Wakagombana siku nyingi. Aliyesema "tubaki" aliitwa kibaraka wa tambarare. Aliyesema "tutoke" alimiminiwa pombe mpaka kikombe kikafurika. Mwisho ukaitwa mkutano sokoni, na Senkoro akasimama juu ya gogo la wauza nyama.

"Tujitoe! Tuweke lango pale njia inapopita kati ya mawe mawili. Na tusidaiane. Kilicho huku ni chetu, kilicho kule ni chao!"

Watu wakapiga vigelegele. Kwenye ghala la soko kulikuwa na magadi na ngozi ambazo watu wa tambarare waliziweka zisubiri gulio lijalo. Wote waliyafikiria magadi. Hakuna aliyesema neno juu ya kilichokuwa kule.

Hakuna aliyesema, lakini kuwaza waliwaza. Namsemba akayarudia maneno yale moyoni. Kilicho kule ni chao! Madoa naye? Akataka kusimama. Akamwona Mbazi ameketi karibu, amemkodolea macho. Akisimama kutetea njia ya tambarare, Mbazi atauliza ana nini huko, na kabla jua halijazama atadai ng'ombe ni wa marehemu. Akitulia, lango litamla Madoa. Akatazama huku na huku aone kama kuna mwingine atakayekataa. Kila aliyemtazama naye alikuwa anatazama huku na huku.

"Wanaotaka tutoke, mikono juu!"

Mikono ikapanda. Wa Mbazi ukapanda. Na wa Namsemba, pole pole kama mtu anayechuma pilipili, ukapanda pia.

Lango likatengenezwa, la miti minene, na komeo la mti wa mgamba. Likapangwa kufungwa asubuhi ya gulio.

Asubuhi hiyo Namsemba alidamka, akajifunga kanga mbili na kushuka. Alikusudia kumwahi Madoa, amtoe hata kwa njia ya nyoka. Alipofika kwenye mawe mawili alikuta watu wamejaa, na Senkoro amesimama kwenye lango, komeo mkononi.

"Mama Kangusu, na wewe unakwenda wapi?"

"Kuna jembe langu niliazimisha huko."

"Majembe yote ya Vuruma yameazimwa leo," akasema Senkoro, jasho linamtiririka. "Huyu jembe, yule jembe, yule anakwenda kumwona mganga wa jino."

Namsemba akatazama. Yule wa jino alikuwa kibogoyo. Mwingine alisema anatafuta kuku wake, na mkononi ameshika kamba ya ng'ombe. Mbazi alikuwepo, ameficha kitu kwapani, na ncha ya kamba ilikuwa inaning'inia kama ulimi. Na Senkoro mwenyewe, mbona jua limepanda na bado hajafunga? Mbona kila mara anageuza shingo kutazama tambarare?

Hapo Namsemba akaelewa, na woga wake wote ukatulia. Kama ni aibu, ilikuwa ya kijiji kizima. Akapaza sauti.

"Senkoro, kabla hujafunga. Kitendawili!"

Watu wakashangaa. Lakini Vuruma, mtu akikutegea kitendawili mbele ya watu huwezi kukikimbia. Ukishindwa, unampa mji.

"Tega," akasema Senkoro.

"Ni wangu, lakini hashindi wala halali kwangu. Anayemlisha si mwenyewe, na mwenyewe hamtaji."

Watoto wa miaka sita wangeweza kukijibu. Senkoro akaligeuza komeo mkononi. Akatazama watu, nao wakatazama miguu yao.

"Nimeshindwa," akasema kwa sauti ambayo hawakuijua.

"Basi nipe mji."

"Nakupa Vuruma yote, mlima na migomba yake."

"Vuruma sitaki, ninayo. Nipe tambarare."

"Hiyo... hiyo siwezi kukupa."

"Kwa nini? Si umeshawapa wenyewe? Kilicho kule ni chao, ulisema. Kuna nini kule kinachokuuma?"

Komeo likamponyoka Senkoro, likaanguka. "Kuna ng'ombe wangu," akasema. "Mama Kangusu, kuna ng'ombe wangu wanne."

"Wanne!" akapiga kelele mkewe kutoka nyuma. "Na mimi naazima samli kwa jirani!"

Kicheko kikalipuka, na baada ya kicheko kila mtu akasema la kwake. Huyu mmoja, huyu wawili, huyu nusu na kaka yake. Yule kibogoyo akasema ana mtamba na dume. Mbazi akataka kurudi nyuma, kamba ikadondoka miguuni pake.

"Shemeji," Namsemba akamwambia, "hivi kwako nako hakuna hata mkia?"

Mbazi akainama kuiokota kamba. "Mmoja. Na wewe?"

"Mmoja. Anaitwa Madoa. Nimemnunua kwa tangawizi baada ya kumzika kaka yako, na watu hawa wote walinunua tangawizi hiyo. Kama kuna anayesema ni wa marehemu, aseme hapa hapa, mbele yao."

Akina mama waliotia tangawizi ile kwenye chai zao walimtazama Mbazi mpaka akajikuta anakubali kwa kichwa.

Namsemba akaokota komeo, akaliegemeza kwenye jiwe. "Tulikaa siku nyingi kubishana nani ana mdomo mkubwa, tukainua mikono wote, na mimi nikiwemo. Kumbe kabla hujafunga lango, tazama ng'ombe wako yuko upande gani."

Siku ile ile wakashuka, na magadi na ngozi kichwani kuwarudishia wenyewe. Wakaomba umoja uendelee. Wazee wa tambarare wakakubali, ila mwaka huo Vuruma watengeneze njia peke yao, toka juu mpaka chini. Senkoro alichimba mawe mpaka sauti ikapungua.

Naipanoi alimpokea rafiki yake kwa kibuyu cha maziwa.

"Tulisikia mmetupa ng'ombe wote," akasema. "Tukacheka, tukaendelea kuwachunga. Tulijua mtakuja, mtu hatupi mtoto kwa sababu ya ubishi wa pombe. Njoo umwone, amezaa juzi. Jike."

Mahindi yalipovunwa, Madoa alipanda mlima na ndama wake nyuma, akapita kati ya mawe mawili, na Kangusu akaoa. Lango halikung'olewa. Lilibaki wazi, kuku wakalala juu yake, na mzazi yeyote akipita na mtoto alimwonyesha.

Basi mzee Mndeme hakuwa anazungumza mambo ya mifugo, wajukuu wangu. Alikuwa anawauliza wenzake wenye hisa zao huko kwenye umoja, wanaopiga kelele watoke, kama wameshatazama. Nanyi mkikua, siku mkono wako utakapotaka kupanda kwa sababu mikono mingine imepanda, ukumbuke komeo la Senkoro: kabla hujafunga lango, tazama ng'ombe wako yuko upande gani.