Jani la Sale na Kata ya Kwanza

Hapo zamani, na anayetaka kunikata kauli aanze kucheka sasa, mlimani Uchaggani aliishi mjane aitwaye Aikaruwa. Uwanja wake ulizungukwa na masale. Sale ndilo jani la msamaha kule: ukimkosea mtu unampelekea, na akilipokea mmepatana. Kisha hunywewa mbege, pombe ya ndizi, kwa kata moja ya kibuyu, na wa kwanza kunywa ni yule aliyeleta amani.

Wagomvi wote walikimbilia kwa Aikaruwa. Naye aliwachumia jani na kuwaambia neno lilelile: "Aliyefukuza ndiye abebe. Aliyefukuzwa hana njia ya kurudi."

Wakishaondoka, yeye alibaki akiutazama moshi ng'ambo ya korongo. Ulikuwa moshi wa jiko la Manka, binti yake wa pekee, ambaye yeye mwenyewe alimfukuza kwa kuolewa na kijana ambaye mama hakumtaka. Asubuhi moshi ukichelewa, Aikaruwa alisimama mlangoni roho juu: "Jamani, mwanangu anaumwa?" Ukipanda, aliketi. Alimtamani mpaka akawa anapika ndizi za watu wawili na kula peke yake. Lakini kumpelekea jani? Mkono ulikuwa mzito. Mganga hajigangi.

Siku moja akaja Ndesanjo, jirani aliyemfukuza nduguye kwa ugomvi wa mpaka wa migomba. Aikaruwa akamchumia jani.

"Aliyefukuza ndiye abebe, baba."

Ndesanjo akalitazama lile jani. "Na la Manka, mama, ulilipeleka lini? Tabibu, jiponye nafsi yako!" Akaliacha juu ya kigoda, akaenda zake.

Aikaruwa alilia sana. Kisha akalichukua jani lilelile, akateremka korongoni na magoti yake mabovu. Chini, penye mfereji, akamkuta Manka anapanda mlima kuja kwake, naye ana jani la sale mkononi.

"Wewe hukukosa, mwanangu. Umebeba la nini?"

"Nimechoka kuutazama moshi wako, mama."

Wakapokeana majani, wakakumbatiana, wakarudi nyumbani. Jirani akaitwa. Mbege ikamiminwa. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Ndesanjo akasema, "Nipeni mimi. Bila neno langu mama angekuwa bado mlangoni. Tena jani alilobeba lilikuwa langu."

"Na nduguyo je, umempelekea jani?" Manka akamwuliza. "Nipeni mimi. Mama alifundisha aliyefukuza abebe; mimi niliyefukuzwa nikabeba, na kosa halikuwa langu, wala hakuna aliyenisukuma."

Aikaruwa akasema, "Nipeni mimi. Nilichelewa, nakubali. Lakini wewe, mwanangu, ulibeba jani tu. Mimi nilibeba jani pamoja na aibu ya kila neno nililowahi kuwaambia watu."

Ng'ambo ya korongo hapakuwa na moshi jioni ile, maana mpishi alikuwa kwao.

Haya, ninyi mlioketi hapa, povu la mbege linapungua na watatu wananyoosha mikono: aliyesema kweli asiitende, aliyetenda zaidi ya alichofundishwa, na aliyetenda mwishoni alichofundisha siku zote. Je, nani alistahili kunywa kwanza?