Msumeno ni wa Nani?

Kaeni sawa. Anayesikiliza nusu huamua robo, na hukumu ya hadithi hii nitawaachia ninyi, kwa kuwa mimi imenishinda.

Katika mji wa Mkongeni palikuwa na bendi iitwayo Msumeno. Haikuwa ya dansi, wala haikuwa ya taarabu. Vijana watatu wa kiwanda cha katani waliokota kanda mbili zilizoachwa na fundi mgeni wa mashine. Wakasikia ndani yake magitaa yanayokwaruza na mtu anayeimba kama anadai haki yake kituo cha polisi, wakasema: hata sisi tunaweza. Wazee wa mji wakasema huo si muziki, ni ugomvi uliopangiwa muda. Ugomvi huo ulidumu miaka thelathini na minane, na kila onyesho lilijaa.

Hoza alipiga dramu. Kipaji chake kilikuwa mapigo yasiyoyumba. Siku moja jukwaa lilivunjika mguu, naye akaanguka bila kupoteza hesabu. Desturi ya bendi ilikuwa kwamba wimbo hauishi mpaka Hoza agonge mara mbili ukingoni mwa ngoma: ko, ko. Kabla ya hapo, hata paa ling'oke, hakuna anayeacha.

Asumini aliimba. Sauti yake ilifika bila kipaza sauti, na macho yake hayakusahau: akitazama ukumbi mara moja tu, anajua nani kasimama wapi, kaja na nani, na alipaswa kuja na nani.

Mbaruku alipiga gitaa la besi. Aliichonga mwenyewe kwa mninga, akaitia shingoni pande la chuma aliloliokota kiwandani, ikawa nzito kama mgonjwa. Hakuna besi nyingine aliyowahi kuivaa begani. Kuzungumza hakukuwa kazi yake. Maneno yake ya mwaka mzima yangetosha kwenye kadi ya harusi.

Kwa miaka kumi na mmoja watatu hawa hawakusemeshana nje ya jukwaa. Chanzo kilikuwa jina la nani litangulie kwenye bango.

Sasa yupo wa nne, naye ndiye mwenye kazi ngumu. Bi Mwantumu Singano, Afisa Utamaduni wa Wilaya, alipokuwa na miaka kumi na mitano alimuaga mamake kila Jumapili kuwa anakwenda kwa shangazi, akaishia kwenye bugi, onyesho la alasiri, la Msumeno. Siku hizi alikuwa na muhuri. Siku tatu kabla ya onyesho la miaka thelathini na minane alikwenda kukagua ukumbi, ghala la zamani la katani lisilo na dirisha hata moja. Mlango mkubwa ulikuwa mbele. Nyuma ya jukwaa palikuwa na mlango wa dharura, wa mvule, mzima kabisa, ila juu yake hapakuandikwa MLANGO WA DHARURA. Waraka ulikuwa wazi: mlango usio na maandishi hautambuliki, na usiotambulika hautumiki. Bi Mwantumu akaufunga kwa mnyororo na kufuli, akabandika karatasi yenye muhuri na saini, hadi apatikane fundi wa rangi wa kuandika. Kwenye daftari lake akaandika: "Usalama umezingatiwa."

Jumapili saa tisa alasiri watu mia sita walikuwa ndani, Bi Mwantumu akiwa kwenye nguzo ya tatu, akitikisa kichwa kwa kiasi kinachoruhusiwa mtumishi wa umma. Ufunguo ulikuwa ofisini, kwenye droo. Katika wimbo wa tano cheche iliruka juu ya mlango mkubwa, pale waya unapoingilia. Vumbi la katani la miaka hamsini lilikuwa limelala kwenye boriti. Likaamka lote kwa pamoja. Taa zikazimika, moshi ukashuka.

Hoza hakuacha kupiga. Watu walikimbilia mlango mkubwa, wakauona ni moto mtupu, wakageuka bila kujua waelekee wapi. Katika giza lile kitu kimoja tu kilijulikana kilipo: dum-tak, dum-tak, upande wa jukwaa. Wakaufuata mlio ule. Kipande cha boriti kilimwangukia Hoza mkono wa kulia. Akahamishia pigo mkono wa kushoto na hesabu ikaendelea. Alitoka wa mwisho, akiburutwa. Leo vidole vitatu vya mkono ule vimegandamana na havishiki kijiti.

Asumini hakuacha kuita. Watu mia sita wakiufikia kwa pamoja mlango uliofungwa, moto hauna kazi. Wanatosha kuuana wenyewe. "Chini! Matumbo chini, pua chini! Kibibi, washike wanao, usiinuke! Sempombe, unasukuma kama unagawiwa pilau, rudi nyuma! Nguzo ya tatu, bado. Nimesema bado!" Walimtii, kwa maana ni vigumu kukanyaga watu baada ya kutajwa jina. Na kila jina alilolitoa alilipia kwa kumeza moshi. Leo akisema, unasikia bati likiburutwa kwenye kokoto.

Mbaruku hakusema kitu. Alipapasa nyuma ya jukwaa akakuta mnyororo. Akavuta, akapiga teke, mvule ukamdharau. Ndipo alipoivua besi begani, akapitisha shingo ya besi ndani ya mnyororo, akazungusha kwa uzito wake wote. Mara ya nne kufuli ilikatika. Besi nayo ikakatika. Jua la alasiri likaingia.

Asumini akawatoa safu kwa safu. Walitoka wote, pamoja na Bi Mwantumu, aliyetambaa kupitia mlango asioutambua.

Tume iliundwa. Ikaandika kurasa arobaini, na katika ukurasa wa thelathini na moja: "Mlango ulikutwa ukiwa katika hali ya kufungwa." Aliyeuweka katika hali hiyo hakutajwa, na Bi Mwantumu hakujitaja. Tume ikapendekeza kila kikundi cha sanaa kiwe na mmiliki mmoja wa jina anayejulikana. Jina lisilo na mwenyewe lifutwe kabisa. Mwisho wa Afisa Utamaduni kuandika jina la mmiliki: Ijumaa, saa kumi kamili.

Ijumaa saa tisa na nusu watatu wale waliketi mbele ya meza ya Bi Mwantumu.

"Shikamooni."

"Marahaba," walijibu, kila mmoja kwa wakati wake, isije ikaonekana wamekubaliana.

"Wazee wangu, nimejaribu kuandika wote. Fomu ina mstari mmoja. Mfumo umeirudisha mara tatu."

"Andika Asumini," bati lilikwaruza. "Nina mabinti wanne nawafundisha, wana makelele mazuri mno. Nikipewa jina, mwezi ujao wanapanda jukwaani kama Msumeno. Na usisahau, mwanangu: bila mimi mngekufa mmebanana, mlango ukiwa wazi."

Hoza alimtazama afisa, kwa kuwa hakuwa akisema na Asumini. "Mwambie bibie kwamba bila mimi wangetambaa kuelekea motoni, kwa nidhamu nzuri sana."

"Wewe ukipewa jina utalifanyia nini, Mzee Hoza?"

"Nitalizika. Msumeno ni watu watatu, na watatu hao wamekwisha. Sitaki watoto wapige makofi juu ya vidole vyangu."

Mbaruku alikohoa. Wote wakageuka, kama watu waliosikia kabati likisema.

"Mimi nataka tupige. Sisi. Hivi hivi."

"Hivi hivi?" Asumini alicheka hadi akashika kifua. "Mimi nakwaruza, yule mkono umegandamana, wewe huna hata besi?"

"Tangu lini tuliimba vizuri?" aliuliza Mbaruku.

"Na mwambie huyo," Hoza alisema, "gitaa huchongwa jingine. Akimaliza anichongee na vidole."

Mbaruku alikuwa akimtazama Bi Mwantumu. "Kwenye ule mnyororo palikuwa na karatasi. Niliisoma kwa mwanga wa moto. Saini naijua, ipo kwenye vibali vyetu vyote."

Bi Mwantumu alisikia saa ya ukutani. Hakuwahi kuisikia kabla ya hapo.

"Tume iliniuliza. Nikasema sikuona kitu," Mbaruku aliendelea. "Sikudai chochote. Wala leo sidai."

"Mwanangu," Asumini alinong'ona, "ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Bi Mwantumu.

Hoza akapiga mluzi. "Kumbe hukumu inatoka kwa mshtakiwa. Serikali hii haiishi mambo."

Basi itazameni kalamu yake. Akiandika Mbaruku, mji utasema amenunua ukimya, hata kama Mbaruku hakuuza. Akimwacha, anamnyima kwa kuwa amemwaibisha. Akiandika Asumini, jina litaishi, na walioishi nalo watalisikia kwa mbali. Akiandika Hoza, atakuwa amefunga mlango wa pili kwa saini ileile. Asipoandika kitu, waraka utawafutia wote.

Saa kumi kasoro dakika moja.

"Mjue lakini," Asumini alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja alimtazama Hoza usoni. "Wimbo wa tano haujaisha. Hukugonga."

Hoza aliutazama mkono wake wa kushoto kana kwamba kuna mtu amemwazima. Akauinua juu ya meza, ngumi imefungwa, ukakaa hewani. Asumini akavuta pumzi na kuizuia. Vidole vya Mbaruku vilikuwa tayari vimebana ukingo wa meza, pale ambapo nyuzi zingekuwa. Na kalamu ya Bi Mwantumu ikagusa mstari.

Mimi nimewafikisha hapo. Ngumi iko juu, kalamu iko chini, na saa haisubiri. Aliyewaonyesha njia, aliyewapanga njiani, na aliyeifungua njia: Msumeno ni wa nani? Nawe uliyesikiliza mpaka mwisho, lau kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, na saini ile kwenye mnyororo ingekuwa yako, je, ungeamua vipi?